Nukta Nundu na Sauti ya Mashine

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii yawahusu hasa wasioona, ambao kwa muda mrefu walilazimika kuazima macho ya wengine hata kwa barua zao za siri. Mwaka 1824 Mfaransa Louis Braille, kijana wa miaka 15 asiyeona, alibuni maandishi ya nukta sita yasomwayo kwa vidole. Aliyezoea kusomewa akaweza kujisomea.

Siku hizi umekuja msaada mwingine. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kutolewa bila malipo, husoma kwa sauti maandishi ya kompyuta, yakiwemo ya Kiswahili. Tumewaona wanafunzi wasioona wakisoma gazeti la siku hiyo hiyo na kuandika insha zao, pasipo kumsubiri mtu. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tuna neno la kuongeza. Katika Kiganda, l na r hufuata irabu iliyotangulia, wala hazitofautishi maana. Kwa hiyo baadhi ya wanafunzi wetu huzisikia kama sauti moja. Mwenye kuona husahihishwa na ukurasa: huona "kula" na "kura", akajua kuwa moja ni ya mezani na nyingine ya sandukuni. Tumepata kusahihisha insha ya mwanafunzi asiyeona, yenye fikra pevu, iliyosema kuwa wananchi walikwenda kupiga "kula". Hakupungukiwa na akili; neno hilo alilisikia tu, hakuligusa. Mashine yaweza kutaja herufi moja moja, lakini ni nani aulizaye tahajia ya neno asilolishuku? Katika nukta nundu l ina nukta tatu na r nne. Kidole hakiwezi kuzichanganya.

Hatusemi mashine ziachwe. Vitabu vya nukta nundu ni vinene na ni adimu, na mashine imeziba pengo kubwa. Twaomba tu kwamba shule ipatapo kompyuta isivifungie kabatini vibao na kalamu za nukta nundu. Mtoto afundishwe vyote viwili. Asiyekuwa na hakika ya tahajia yake atamhitaji mtu wa kumsahihishia barua ya kuomba kazi, na utegemezi tuliodhani umeondoka utakuwa umerudi kwa mlango mwingine.