Siku baba alipowapandisha watoto Lutindi

Kwa miaka mingi, Lutindi lilikuwa neno la mzaha katika nyumba yao mjini Korogwe. Mtoto akionekana anaongea peke yake, mwenzake humwambia, "Wewe utapelekwa Lutindi!" Wote hucheka, isipokuwa baba, ambaye hunyanyuka akatoka nje.

Likizo ya Desemba watoto wakaomba kwenda kuona milima. Mama alitaka Lushoto: barabara ya kona kona inayopanda kutoka Mombo, maporomoko ya Soni, kisha matembezi katika msitu wa Magamba. Baba akasema, "Twendeni Lutindi kwanza. Milima ni hiyo hiyo ya Usambara."

Waliondoka asubuhi. Mashamba ya mkonge yakabaki chini, joto likapungua, masikio ya mdogo wao yakaziba. Gari liliposhindwa na tope, wakashuka na kutembea. Kila mmoja alibeba sweta na chupa yake ya maji. Mama aliwakataza kung'oa maua. Njiani walihesabu vinyonga wawili.

Walipoketi kupumzika wakitazama bondeni, baba alisema bila kugeuka, "Bibi yenu alilazwa huku juu, mimi nikiwa darasa la tano. Alikuwa halali, wala hasemi na mtu. Babu alikuja kumwona kila mwezi. Alipopona alirudi nyumbani, akalima, akatusomesha."

Kimya kikatanda. Binti mkubwa akauliza, "Bibi huyu huyu anayetupikia makande?"

"Huyo huyo."

Baba akawaeleza kuwa mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walianzisha hapa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1905 pakaanza kutibiwa wagonjwa wa akili. "Miaka yote hiyo watu wanapanda mlima huu kutafuta nafuu," alisema. "Mimi niliona aibu, nikawaacha nyinyi mcheke."

Binti alimshika mkono. Hakuomba radhi kwa maneno, na baba hakumdai.

Jioni waliporudi, mdogo alikimbilia jikoni. "Bibi, tumetoka Lutindi!"

Mama alishtuka, baba akasimama mlangoni. Bibi aliweka mwiko chini, akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akamvuta mjukuu karibu.

"Ule ukungu wa asubuhi," aliuliza, "bado upo?"