Sauti ya Mzee na Mizunguko Hamsini

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kwa nini kanda za zamani nilizo nazo zimeandikwa namba zisizofanana juu ya maboksi yake. Jawabu lake ni refu kidogo, nalo laanzia kwenye waya wa umeme.

Mwaka 1984 nilirejea Jinja kutoka masomoni Marekani. Katika mizigo yangu mlikuwamo kinasa sauti kizito cha magurudumu mawili, nilichokinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba. Nia yangu ilikuwa moja: kuihifadhi sauti ya mzee aliyenifundisha Kiswahili. Yeye alikuwa mzaliwa wa Mombasa; kazi ya reli ilimleta Uganda, akastaafu na kukaa papa hapa. Nilipokuwa mtoto alikuwa akiniwekea kiganja mbele ya mdomo ili niijue tofauti ya paa la nyumba na paa wa porini, maana huyu wa pili kwa watu wa Mvita hutamkwa kwa pumzi. Kitabu ni vigumu kulifundisha jambo hilo, kanda yaweza.

Nyuma ya kinasa sauti palikuwa na kibati kilichoandikwa volti 120, mizunguko 60. Umeme wetu ni wa volti 240, na mizunguko yake ni 50 kwa sekunde. Habari ya volti niliielewa. Pasi ya volti 120 yenye wati 1,000, ukiichomeka kwetu, hupata wati zipatazo 4,000 kwa muda mfupi wa uhai uliosalia. Habari ya mizunguko sikuijali.

Tofauti hizi ni za tangu zamani. Edison alipowasha taa za New York mwaka 1882 alitumia volti zipatazo 110, na Wamarekani wakabaki karibu na hapo. Ulaya ikapanda hadi 220 na zaidi, kwa kuwa volti zikiwa nyingi waya mwembamba hutosha. Kuhusu mizunguko, Westinghouse huko Marekani walishika 60, na AEG ya Ujerumani ikashika 50. Wajapani wanayo yote mawili: mashariki 50, magharibi 60! Sisi tulirithi ya Waingereza, na mitambo ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi laitwa Nalubaale, huzungushwa kwa hesabu hiyo.

Fundi mmoja mjini aliniuzia transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Akanieleza, "Mwalimu, hii yapunguza nguvu tu. Mwendo haiugusi." Nikamshukuru kama ashukuruvyo mtu asiyeelewa alichoambiwa.

Kanda ya kwanza tuliyoisikiliza ilikuwa ya mwimbaji wa kike, niliyokuja nayo kutoka ng'ambo. Sauti ikatoka nzito, yenye kujikokota. Mzee akacheka: "Mwanangu, bibi huyu ana mafua." Nami nikailaumu kanda. Kumbe mota ya namna ile huifuata mizunguko ya umeme kama punda afuatavyo kamba. Ikipewa 50 badala ya 60, huenda sehemu tano tu za mwendo wake katika sita.

Basi tukanasa jioni nne, kanda moja kila jioni. Mzee alisimulia habari za reli, akaghani mashairi aliyoyajua kwa moyo, akatamka maneno mawili mawili yafananayo, huku mkewe akituletea kahawa. Tulipozicheza papo hapo, sauti ilikuwa yake hasa, kwa sababu mashine iliyonasa polepole ndiyo hiyo hiyo iliyocheza polepole. Tungejuaje?

Mzee alifariki mwaka 1987. Miezi michache baadaye kijana mmoja wa nyumbani alitaka kuisikia sauti yake, akakichomeka kinasa sauti moja kwa moja ukutani. Moshi ukatoka, na nyaya za mota zikaungua zote. Simlaumu kijana; transfoma niliiweka mimi chini ya kitanda, wala sikumweleza mtu kazi yake.

Nikaazima kinasa sauti kingine, kilichotengenezwa kwa umeme wa kwetu, nikakipeleka kwa mjane katika siku ya kumkumbuka marehemu. Kanda ilipoanza, Mzee alisema kwa sauti ya kitoto, kasi kasi. Maneno ya dakika 10 yalikwisha kwa dakika 8 na sekunde 20. Wajukuu waliangua kicheko. Bi Mkubwa aliinuka, akajifunika ushungi, akatoka nje. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, lakini sikuthubutu kuzicheza tena nyumbani kwake.

Mwaka 2011 mwalimu kijana alizihamishia kanda hizo kwenye kompyuta, akapunguza mwendo kwa hesabu ile ya tano kwa sita. Nikaona kazi imekwisha, nikaenda kwa Bi Mkubwa, aliyekwisha kuwa kikongwe. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Karibu," alisema, "lakini bado ana haraka."

Nikakumbuka jioni zile za 1984: umeme ulikuwa ukilegea, taa zikawa nyekundu kama makaa, na mizunguko nayo huenda ilishuka chini ya 50. Hesabu yangu ilikuwa ya kwenye karatasi. Kijana akaanza kupunguza kidogo kidogo, naye Bi Mkubwa akimwongoza: "Punguza. Tena. La, sasa amekuwa mgonjwa, rudisha." Kisha akanyosha kiganja. "Hapo."

Tulipima kanda tatu kwa namna hiyo, kila moja ikawa na mwendo wake, nami nikaandika namba juu ya boksi. Alipochoka tukaiacha ya nne kwa siku nyingine, na siku hiyo haikufika. Boksi lake halina namba. Humo ndimo alimotamka paa la nyumba na paa wa porini, na darasani naicheza kwa hesabu ya tano kwa sita.