Fumbo la Barafuni: Safari Yangu ya Toronto



Mwezi wa Februari nilikuwa mgeni wa binti yangu mjini Toronto, nchini Kanada. Hakuniita kutembea, aliniita kwa ajili ya mwanawe. "Baba, njoo uzungumze na mjukuuo," aliniambia kwa simu. "Hajibu tena kwa Kiswahili, na Jumamosi usiku habanduki mbele ya televisheni." Basi nikapanda ndege, mawaidha ya dakika arubaini nimekwisha kuyapanga kichwani.

Hiyo televisheni ina habari yake. Jumamosi usiku, majira ya baridi, Wakanada hutazama mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Matangazo hayo yaliingia kwenye televisheni mwaka 1952, na tangu 2008 hutangazwa pia kwa Kipunjabi, kwa ajili ya wahamiaji waliotoka Bara Hindi. Magongo si mageni kwetu: mwaka 1971 Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia mjini Barcelona. Ila kule wachezaji huvaa viatu vyenye visu chini, na badala ya mpira wa duara hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu, kilichogandishwa kabla ya mchezo ili kisidundedunde.

Jumamosi ya kwanza asubuhi nilimkuta mjukuu wangu, mtoto wa miaka 12, ameinamia karatasi iliyojaa nambari. Alikuwa akifumbua fumbo la mchezo uitwao jiokashi. Mchezo huo ulizaliwa Mei 2000, Marekani ilipoondoa kosa la makusudi lililokuwa likipunguza usahihi wa setilaiti za GPS kwa raia. Siku moja baadaye, mtu mmoja wa Oregon alificha ndoo msituni na kuwatangazia watu nambari za mahali pale. Leo visanduku vya namna hiyo vimefichwa duniani kote. Vingine havitolewi nambari zake za kweli mpaka kwanza ufumbue fumbo. Ni kitendawili, na aliyekitega hayupo umpe mji.

Mfichaji wa hiki alikuwa mpenzi wa matangazo ya magongo. Aliuliza mambo manne: timu moja huwa na wachezaji wangapi barafuni, Wayne Gretzky alivaa jezi nambari ngapi, zilisalia sekunde ngapi Paul Henderson alipoifungia Kanada bao la ushindi dhidi ya Wasovieti mjini Moscow, tarehe 28 Septemba 1972, na mchezo una vipindi vingapi. Mtoto alikuwa ameandika 5, 99, 34 na 3.

Nikauliza swali la kazi yangu: je, mna kamari ndani yake? Akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa, kwamba hamna. Kuna daftari la kutia jina na vitu vidogo vidogo. Ukichukua kimoja huacha chenye thamani sawa, kisha hurudisha kisanduku kama ulivyokikuta. Nikaona hiyo ni amana, nikavaa koti.

Tulipanda basi hadi bonde la mto Rouge, mashariki ya mji. Theluji ilitufika magotini. Kifaa kilisema tumefika, lakini palikuwa na kisiki kitupu. Tulitafuta saa nzima hata vidole vikafa ganzi. "Twende, Babu," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili kwangu.

Usiku ule niliketi naye kutazama. Nikamwomba anitangazie kwa Kiswahili, kama Wapunjabi wafanyiwavyo. Alicheka, kisha akajaribu, kila mara akiniuliza: "Hii inaitwaje, Babu?" Mtangazaji alipotaja mchezo wa tano kwa tano, nikahesabu kwa kidole kama nihesabuvyo wanafunzi chuoni.

"Mbona mimi naona sita?"

"Wa sita ni mlinda lango, Babu. Yeye hahesabiwi..." Akanyamaza, kisha akakimbilia karatasi yake. Tarakimu ile moja ilikuwa imetupoteza mita 185 hivi.

Wakati huohuo binti yangu alikuwa mlangoni, anafunga viatu kwenda kazi ya usiku. Nikayakumbuka mawaidha yangu. Nilikuwa nimemhesabu mtoto, nikaihesabu televisheni, nikauhesabu na ugeni. Yeye aliyelilinda lango la nyumba ile peke yake, miaka yote, sikumhesabu. Nilimwita tu kumwuliza kazi yake huisha saa ngapi na kesho tumngojee.

Jumapili tulikwenda watatu. Kisanduku kilikuwa chini ya gogo, tena hakikuhitaji kuchimbwa. Mjukuu wangu akatia majina yetu matatu daftarini, akaacha sarafu ya shilingi ya Kenya na kuchukua kijisahani cha magongo cha kuchezea.

Alasiri ikatukuta palepale. Nikasimama kuelekea kaskazini, kwa mazoea. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya Mombasa, na kwa wazee wetu wa pwani neno kibla lilikuwa pia jina la upande huo. Mtoto akanishika mkono na kunionyesha kifaa chake: kutoka Toronto, njia fupi ya kuelekea Makka hupita kaskazini-mashariki. Akanigeuza taratibu, akasimama ubavuni mwangu, na mama yake nyuma yetu.

Mawaidha yangu nilirudi nayo Mombasa kama nilivyokwenda nayo. Wakati wa baridi, saa moja ya usiku wa Jumamosi kule ni saa tisa za usiku kwetu, nami huwa nimeamka kwa tahajudi. Nikimaliza sala, huufungua ujumbe wa sauti kwenye simu: mtoto anatangaza magongo kwa Kiswahili, akikosea ngeli, na kila aanzapo humtaja kwanza mlinda lango.