Koo la Nyasimbi

Namtumbo, Jumapili, 30 Juni 2024

Nimefika jana usiku, miguu imevimba kwa kukaa kwenye mabasi. Baridi ya huku imezidi ile niliyoiacha. Bibi alinisogezea jiko la mkaa, akangoja nimalize ugali ndipo aulize: "Haya, mjukuu wangu, hayo maji yanaruka kweli au ni maneno ya watu?"

Yanaruka, Bibi. Nimeyaona Sempaya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, magharibi mwa Uganda. Chemchemi ni mbili. Ya kiume, Bintente, ni dimbwi pana linalofuka mvuke. Ya kike, Nyasimbi, ndiyo inayorusha maji. Siku niliyokwenda hayakunifika kiunoni, ila yalikuwa hayachoki: yanapanda, yanatawanyika, yanapanda tena, na mawe ya pembeni yamevaa ukoko mweupe wa chumvi za ardhini. Wenzangu walichemsha mayai, wakapiga picha, wakaenda kutazama ndege. Mimi nilibaki pale mpaka nikaja kuitwa.

Kilichomshika Bibi ni mayai. "Bila kuni?" Bila kuni, Bibi. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Jumatano, 3 Julai

Kidato cha Pili wamenibana. Mmoja ameuliza: "Mwalimu, mbona maji moto ya Hifadhi ya Nyerere hayaruki?" Swali la nyumbani kabisa. Hifadhi ile ilimegwa kutoka Selous mwaka 2019, na mto Luwegu wa mkoa wetu huungana na Kilombero kuwa Rufiji inayoipita. Maji moto yake, karibu na Beho Beho, hutoka taratibu, watu wanaoga.

Nimekaa na swali hili jioni nzima. Joto lipo kote kuwili, maji yapo kote kuwili. Huenda kinachopungua ni koo. Ili maji yaruke, lazima yapite penye mwamba mwembamba. Yaliyo juu huyakandamiza ya chini, na ya chini hupata moto kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka. Machache ya juu yakimwagika, uzito unapungua, na yale ya chini hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kusukuma kila kilicho juu yake. Koo likiwa pana, joto hupanda polepole na kupotea juu ya dimbwi.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimelijaribu koo darasani: sufuria, jiko la mkaa, na faneli ya bati niliyoifunika kifudifudi ndani ya maji. Tulingoja sana. Darasa likaanza kunong'ona, nami moyo ukanidunda. Kisha mdomo wa faneli ukakohoa, ukatema, ukarusha maji mpaka kwenye sakafu. Kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu wa darasa la jirani.

Kijana mmoja akauliza tukiziba itakuwaje. Tukaepua sufuria, tukaacha faneli ipoe, tukaziba mdomo wake nusu kwa udongo wa mfinyanzi, tukarudisha motoni. Yakatoka matone tu, mvuke ukapenya chini ya ukingo. Hapo nikawaeleza Yellowstone, Marekani, ambako wageni wametupa sarafu na takataka ndani ya dimbwi la Morning Glory hadi njia yake ikaziba kwa sehemu na maji yakapoa. Nikawaeleza pia Wairakei, New Zealand: kituo cha umeme wa mvuke kilianza kazi mwaka 1958, na bonde lililojaa chemchemi zirukazo likanyamaza. Huko hakuna aliyetupa jiwe. Joto lilivutwa tu upande mwingine.

Umeme tunauhitaji, na hata huku kwetu watu wanautafuta chini ya mlima Ngozi, kule Mbeya. Siupingi. Ninachotaka ni chemchemi ihesabiwe kabla ya kuchimba, si baada.

Jumamosi, 13 Julai

Bibi ameomba nimpeleke Sempaya. Nimemwambia ni mbali, siku nyingi za basi. Amenyamaza, kisha akauliza mayai yananunuliwa palepale au tuyabebe kutoka Namtumbo.