Vidole vya Mchu

Mwanangu wa kwanza alirejea Disemba iliyopita kutoka Thailand, alikokwenda kwa mafunzo ya majuma matatu, simu yake imejaa picha. Alinionyesha mahekalu ya Bangkok yanavyong'aa jua linapokuchwa, na akina mama wanaouza matunda na supu ndani ya mitumbwi miferejini. Kisha akanionyesha ghuba ya Phang Nga, ambako mashua nyembamba hupenya katikati ya miti iliyosimama majini. "Baba," akasema, "umestaafu na kamera unayo. Mwakani twende pamoja ukapige picha zako mwenyewe."

Sikukataa. Jioni tatu mfululizo tuliketi barazani hapa Kibiti na daftari, tukihesabu nauli na kuchagua mwezi usio na mvua huko. Jioni ya nne tulirudi katika picha za Phang Nga ili tuchague mahali pa kuanzia. Akauliza, "Huu ni mti gani?" Nikajibu, "Mkoko." "Na huu?" "Huo nao mkoko." "Na huu wenye vijiti vilivyochomoza matopeni kama penseli?"

Nikanyamaza. Jina nililijua. Kilichoniziba mdomo ni kumbukumbu ya namna nilivyokuja kulijua.

Mwaka 1996 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya huku kwetu, wakati huo tungali sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Niliwapa kidato cha pili insha iitwayo "Kijiji Chetu". Binti mmoja aliyetoka delta aliandika: "Maji ya bamvua yakitoka, mchu hubaki na vidole vyake nje, na sisi watoto hupita katikati tukiokota kaa." Nikapiga mstari mwekundu chini ya "bamvua", mwingine chini ya "mchu". Pembeni nikaandika, kwa mwandiko mzuri niliofunzwa chuo cha ualimu: "Tumia Kiswahili sanifu." Nikamkata alama nne. Mimi ni mtu wa bara ya Kibiti, mtoto wa mihogo na mikorosho. Maneno nisiyoyajua niliyadhania kuwa ya kilugha cha kwao. Binti akachukua daftari, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Katika masahihisho yake bamvua likawa "maji mengi", na mchu ukawa "mti". Vidole navyo vikatoweka, kwa kuwa mti usio na jina hauwezi kuwa na vidole.

Ilipita miaka kadhaa. Siku moja, nikitafuta neno jingine katika kamusi, jicho likaangukia "bamvua": maji makubwa ya bahari, yanayojaa na kupwa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Nikaenda kwenye herufi M. Mchu ulikuwapo. Maneno yale yalikuwa sanifu kabla mimi sijazaliwa. Asiyekuwa sanifu alikuwa mwalimu. Binti alikwishamaliza shule zamani, na mimi nikafunga kamusi nisimwambie mtu.

Haya yote nilimweleza mwanangu jioni ile. Alitulia kidogo, kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika juu yake: "Delta kwanza."

Kwa hiyo tumeanza kupanga upya. Delta ya Rufiji ina mikoko iliyoenea kwenye hekta zipatazo 50,000, na hakuna msitu mmoja wa mikoko ulio mkubwa kuliko huo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Tangu 2004, pamoja na Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa mpiga picha aliye Kibiti, safari ni kupita Bungu hadi Nyamisati, bandari ya mashua ziendazo Mafia, na kutoka hapo kuingia vijitoni kwa boti ndogo. Misitu hii ni hifadhi, hivyo tutaomba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kisha tupige hodi kwa watendaji na wenyeviti wa vijiji.

Nimejiwekea sharti: sitapiga picha ya mti ambao siwezi kuuita. Nimeandika orodha na ninaikariri kama mwanafunzi. Mkoko ni ule wenye mizizi ya matao, na mkoko huohuo umeenea kutoka pwani yetu, kupita Thailand, hadi visiwa vya Pasifiki. Mlilana husimama mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, na mbao zake hutengenezwa mataruma ya vyombo. Msinzi una mizizi iliyokunjwa kama magoti. Gome la mkandaa hutoa rangi. Mkomafi huzaa tunda la mviringo, zito, na msikundazi una mizizi iliyosimama kama mbao za ubavuni. Kisha mchu. Ndani ya neno moja, "mikoko", nilikuwa nimeuzika ukoo mzima. Wakataji wa boriti, ambazo zamani majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni, wasingeweza kufanya kazi siku moja kwa msamiati wangu.

Sharti la pili lahusu watu. Lugha yetu husema kwamba picha "hupigwa", na delta hii imekwishapigwa vya kutosha. Ndege za Waingereza ziliruka juu yake kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg na kuiongoza mizinga, hata meli ile ikazamishwa mtoni Julai 11, 1915. Kati ya 2015 na 2017 wilaya yetu ilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji, askari na raia, na mgeni mwenye maswali mengi akawa mtu wa kuogopwa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuulizwa kabla ya kutazamwa kwa lenzi. Tutaamkia kwanza, tutakaa, tutakunywa chai. Kamera itakaa mkobani mpaka mwenyeji aseme.

Iliyobaki ilikuwa tarehe. Nikachagua mwezi mpevu wa Agosti: mvua zimekwisha, na usiku tungepata picha za mbalamwezi juu ya maji. Kisha nikafanya jambo nililoliogopa kuliko safari yenyewe. Kwa msaada wa wanafunzi wake wa darasa moja nilipata namba ya yule binti. Sasa ni mama wa watoto wanne, analima mpunga na kuuza kamba wakavu kulekule delta.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Nikamweleza habari ya safari, nikamtajia tarehe. Akacheka kidogo. "Mwalimu, mwezi mpevu ni bamvua. Saa kumi jioni maji yamejaa mpaka kwenye majani, hutaona kitu. Na yakipwa, ni saa nne au saa tano asubuhi, jua kali. Ngoja siku saba au nane, maji mafu. Asubuhi maji yatakuwa juu, boti itaingia. Jioni yatakuwa yametoka, na jua linalala. Hapo mchu utauona wote, na vidole vyake."

Alisema "vidole". Nikakosa pumzi. Nikamwambia kuhusu insha, kuhusu mstari mwekundu, kuhusu kamusi. Nikamwomba radhi. Kimya kikawa kirefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Nilijua kuwa hujui, mwalimu," akasema hatimaye. "Lakini ningekwambiaje? Ulikuwa mwalimu." Kisha, kwa sauti nyingine: "Ukija, tuletee sukari kilo mbili na betri za tochi."

Nimefuta tarehe ya kwanza daftarini na kuandika ya pili. Laiti ningalilisoma neno lile mwaka 1996 badala ya kulikata, nisingekaribia kuiharibu safari nzima kwa sababu yake. Thailand ipo, na Mungu akipenda tutafika; nitakapoiona mizizi ya Phang Nga nitakuwa na majina ya kuiamkia.

Nanyi washairi wa Lamu, Pemba, Pangani na Kilwa, nawaomba: mwayaitaje maji makubwa na maji madogo huko kwenu, na miti isimamayo ndani yake? Niandikieni jinsi mnavyosema nyumbani. Sitasahihisha.