Kilicho Mahali Pamoja Tu



Sisi wa Katanga tunaijua kobalti kama madini ya magunia, ya malori na ya bei inayopanda na kushuka. Wachache wanafahamu kwamba imo pia ndani ya diski ngumu, kile kisanduku cha chuma ambamo kompyuta nyingi huhifadhi kumbukumbu zake. Ndani yake mna sahani za alumini au za kioo, zilizopakwa utando mwembamba mno wa kobalti iliyochanganywa na madini mengine. Katika kompyuta nyingi za kubebwa, sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita juu yake bila kuzigusa, katika nafasi nyembamba kuliko chembe ya moshi. Kikizigusa, hukwaruza utando, na yaliyoandikwa pale hayarudi.

Diski ina tabia inayostahili kutafakariwa. Sehemu yake ndogo ikiharibika, haimwambii mwenyewe. Huiweka kando na kutumia sehemu ya akiba iliyotengwa kiwandani. Hivyo yaweza kuugua miezi mingi huku ikionekana nzima. Baadaye dalili hujitokeza: faili hufunguka kwa kuchelewa, kompyuta huganda, kisha husikika mgongo mdogo, tak, tak, kama ukucha juu ya meza.

Sauti hiyo niliisikia mwaka jana hapa Hewa Bora, nyumbani kwa mama mjane, jirani yangu. Marehemu mumewe, mfanyakazi wa migodi, alikuwa na desturi ya kuwaketisha wazee wenzake na kurekodi masimulizi yao: walivyofika mjini, kambi walizoishi, majina ya waliokufa chini ya ardhi. Yote yalikuwa katika kompyuta ile. Niliitwa kwa sababu mimi ni mwalimu, na watu hudhani mwalimu hujua kila kitu.

Mashauri hayakukosekana. Kijana mmoja alitaka kuifungua diski kwa bisibisi. Mwingine alisema ilazwe ndani ya friji usiku kucha. Wa tatu alitaka kuanzisha programu ya kuitengeneza. Wote walikuwa na nia njema. Lakini vumbi letu la kiangazi likiingia ndani ya diski huiua, na unyevu wa friji vilevile. Programu ya kutengeneza nayo huilazimisha kupitia kila sehemu, mbovu na nzima, kama kumkimbiza mgonjwa ili tujue anaumwa wapi. Diski inayokufa haitengenezwi. Kwanza huokolewa kilichomo, kwa kuigusa mara chache iwezekanavyo.

Likabaki swali zito: tuanze na nini? Hakuna aliyejua imebakiza saa ngapi. Watoto walitaka picha za familia. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, picha dada yao wa Likasi anazo. Sauti za wale wazee hazipo kwingine. Anza na sauti.”

Tukanakili masimulizi kwanza, moja baada ya jingine, kwenye diski nyingine. Kwa yaliyobaki, kijana fundi alitumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Hiyo husoma kwanza sehemu zilizo nzima, huruka zilizo mbovu na kuzirudia baadaye, huku ikiandika ramani ya kazi iliyokwisha kufanyika. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani, na umeme ulikatika mara tatu usiku ule. Kila uliporudi, kazi iliendelea pale ilipokuwa imeachwa. Asubuhi ya siku ya tatu diski ilinyamaza kabisa.

Masimulizi tisa kati ya kumi na moja yalipatikana. Picha nyingi zilipotea. Dada wa Likasi alituma alizokuwa nazo, nazo hazikuwa zote. Watoto walihuzunika, wala sikuwa na neno la kuwafariji. Hata hivyo naamini mama alichagua vema. Hakuuliza kipi ni kizuri zaidi, wala kipi kinapendwa zaidi. Aliuliza kipi kipo mahali pamoja tu.

Mji wetu unao mfano wake. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya Élisabethville, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Kilikuwa kijitabu kidogo, ambacho kingeweza kuliwa na mchwa pasipo mtu kujua. Lakini nakala ilimfikia mtaalamu Johannes Fabian, naye akakichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Karatasi si imara kuliko kobalti. Kijitabu kile kiliokoka kwa kuwa nakala ilitoka mikononi mwa mmoja ikafika kwa mwingine.

Basi, ndugu zangu, leo jioni tazameni nyumbani mwenu. Sauti ya nani, barua gani, orodha gani ipo katika simu moja au kompyuta moja tu? Inakilini mngali na nafasi, nanyi mwipeleke nakala katika nyumba nyingine, maana mwizi na moto hawachukui kompyuta wakaacha diski iliyo kando yake. Masimulizi ya wale wazee sasa yanakaa katika nyumba tatu, moja ikiwa Likasi.