Kutangulia si Kufika

Msomaji mpenzi, leo naomba nikuungamie jambo. Mwaka jana, siku ya michezo shuleni, mwanangu wa gredi ya 4 alikuwa wa mwisho katika mbio za mita 400. Wenzake walikuwa wamekwisha kunywa maji, naye bado anahema kwenye kona. Wazazi waliangua kicheko. Nami, babake mzazi, nikacheka pamoja nao.

Tukiwa ndani ya tuktuk kurudi nyumbani hapa Kilifi, aliniambia bila kunitazama: "Baba, sikimbii tena."

Usiku huo usingizi ulinipaa. Ndipo nilipomkumbuka Philip Boit.

Huenda wewe kijana humjui. Boit, mzaliwa wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, wakajifunze kuteleza kwenye theluji. Miaka miwili baadaye, mjini Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alishinda Bjørn Dæhlie wa Norway. Boit alifika wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya bingwa.

Lakini Dæhlie hakwenda zake kupokea medali. Alimngoja kwenye baridi ile mpaka akafika, akamkumbatia mbele ya dunia nzima. Boit naye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Alirudi tena Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Amestaafu bila medali hata moja, na bado jina lake linatajwa kwa heshima.

Wala usidhani theluji ni mambo ya watu wa bara tu. Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa papa hapa Kilifi mwaka 1998, mahali ambapo barafu twaijua ya kwenye gilasi ya maji ya ukwaju. Alihamia Austria na mamake akiwa na miaka 3. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, alibeba bendera yetu na kuwa Mkenya wa kwanza kuteremka milima ya theluji katika Olimpiki. Naye hakupata medali. Je, ni wangapi kati yetu tunaoishi hapa tunamjua?

Asubuhi nilimwita mwanangu, nikamsimulia habari hizo, kisha nikamwomba radhi. Alinisikiliza kimya, halafu akauliza:

"Huyo Dæhlie alingoja dakika 20 nzima?"

"Naam."

"Na wewe, baba, mimi nilichelewa dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu.

Mwaka huu alikimbia tena. Akawa wa mwisho tena. Safari hii nilikuwa nimesimama kwenye mstari, mikono nimeikunjua, na wa kucheka wakacheka.

Msomaji, sisi Wakenya tumezoea dhahabu hata tumesahau kwamba anayemaliza wa mwisho naye amekimbia njia ile ile. Siku ya michezo ikifika shuleni kwa mwanao, usiondoke mapema. Mngoje.